Nusu ya Kizimba

Mume wangu alikuwa seremala, na katika mambo mawili hakufanana na maseremala wengine. La kwanza, akikuambia mlango wako utakuwa tayari Ijumaa, ulikuwa tayari Ijumaa, hata kama randa imevunjika na kidole kimevimba. La pili, hakupiga hodi. Aliporudi kutoka karakana alisimama mlangoni akakohoa: mara mbili kwa ufupi, kisha mara moja kwa kuvuta, kwa sababu vumbi la mbao lilikuwa limefanya makao kifuani mwake. Ukiisikia ile ya kuvuta, unajua mwenye nyumba amefika, andaa maji ya kunawa.

Miezi saba baada ya kumzika, nilikuwa najiandaa kumsafirisha paka wake kwa ndege.

Paka huyo tulimwita Nyapara. Alizaliwa chini ya meza ya kazi, ndani ya rundo la maranda, na tangu alipofumbua macho shughuli yake ilikuwa kukaa na kuwasimamia wenzake wakitoka jasho. Mume wangu alikuwa na benchi fupi la kupumzikia. Nyapara alilala upande wa kushoto wa benchi hilo, amejibana ukingoni, na nusu ya pili alimwachia mwenyewe. Hata benchi likibaki tupu mchana kutwa, hakuivuka ile nusu. Baada ya msiba niliendelea kumwona akilala vilevile. Sikulitilia maanani. Mnyama na mazoea yake.

Aliyemtaka paka ni binti yetu, mtoto wetu wa pekee, anayeishi nchi ya mbali na mumewe. Alikuwa na mimba ya miezi minane. Aliniomba niende nimpokee mtoto, nisirudi tena, nikae naye moja kwa moja. Kisha akaniomba nimletee Nyapara.

"Mama, mimi sikumzika baba," aliniambia kwenye simu. "Sikumuaga akiwa hai, sikumuaga akiwa maiti. Niletee basi kitu chake chenye pumzi."

Nilimkubalia yote. Tiketi aliyonitumia ilikuwa ya kwenda na kurudi, kwa kuwa mgeni hapewi viza bila tiketi ya kurudi, lakini alisema hilo lilikuwa jambo la karatasi tu. Nikishafika, yeye na mumewe wangejua la kufanya.

Hapa sina budi kueleza baba na binti walivyoachana. Miaka minne kabla ya hapo, binti yangu alipoondoka bila ridhaa ya baba yake, mume wangu alisimama kizingitini, penseli nyuma ya sikio, akasema maneno ambayo mtaa mzima uliyasikia: "Nenda. Lakini siku utakayonisikia nikikohoa mlangoni kwako, ujue sikuja kutembea. Nimekuja kurudisha mtu, na sitarudi mikono mitupu."

Hakuwahi kwenda. Aliogopa ndege kuliko msumeno wa umeme. "Mti hauruki," alikuwa akisema, "na mimi nimeishi na miti mno." Basi maneno yale yakabaki pale kizingitini, tukawa tunayapita kila siku tukiingia na kutoka.

Daktari wa mifugo alimchoma Nyapara sindano ya kichaa cha mbwa, akaniandikia cheti, akanionyesha aina ya kizimba kinachokubaliwa: cha kitambaa, chenye wavu pande mbili, kinachoingia chini ya kiti. Akampima Nyapara akiwa ndani yake. Kilo sita kamili, paka na kizimba.

"Mama, sikiliza," akaniambia. "Wengi wao hulia njia nzima. Dawa ni moja. Mtandikie ndani nguo ya mtu anayempenda. Isiwe mpya, wala usiifue. Paka safarini hana macho, ana pua."

Nilianza na mtandio wangu. Nyapara akaunusa, akaugeuzia mgongo. Nikajaribu sweta yangu, hiyo akaikojolea. Sioni aibu kukiri kwamba nilisononeka, maana ni mimi niliyekuwa nikimlisha miezi yote ile. Ndipo nilipokwenda karakana nikalichukua shati la kazi la mume wangu, la buluu, lililoning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Nguo zake nyingine zilikuwa zimegawiwa jamaa, lakini shati lile nilimkatalia kila aliyelinyooshea mkono. Ndilo alilovaa siku aliyoanguka. Lilinuka vanishi, na ukilikung'uta, unga wa mbao ulidondoka kutoka kwenye mishono.

Nililitandika. Kabla sijautoa mkono wangu, Nyapara alikuwa ameshaingia. Akalala upande wa kushoto, amejibana kwenye wavu, nusu ya kizimba ikabaki wazi.

Jirani yangu alikuwa amesimama dirishani akitazama. "Wenzio wakienda ughaibuni wanabeba zawadi, wewe unabeba paka na shati chafu!"

"Ni godoro lake, shoga."

"Haya. Mgeni njoo, mwenyeji apone." Akacheka hadi akashika mbavu. "Kumbe mzee wako atapanda ndege mwishowe, japo ni shati lake tu!"

Nami nikacheka. Nakumbuka vizuri kwamba nilicheka.

Asubuhi ya safari, karani wa kaunta uwanjani aliweka kizimba kwenye mzani, akainua nyusi. "Kilo nane kasoro kidogo. Mama, una bahati, nane ndiyo mwisho. Umemlisha nini huyu?"

"Hajala tangu jana. Daktari alikataza."

"Mh! Basi ana mifupa ya chuma." Akagonga mhuri. "Mnyama mmoja, cheti kimoja, sawa. Ukifika kwenye ukaguzi, mtoe umpakate. Kizimba kinapita kwenye mashine peke yake, wewe na paka mnapita kwenye lango. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Nilikuwa nimeisoma karatasi ya masharti mstari kwa mstari, tena mara tatu, kwa hiyo nilijua pia kwamba abiria mwenye mnyama mwenye hofu anaweza kuomba akaguliwe faraghani. Nikaliomba hilo. Pale kwenye foleni palikuwa na kelele za trei na viatu na mikanda, na Nyapara alikuwa amekwisha kuchomoa kucha.

Mkaguzi aliyenichukua alikuwa binti wa makamo ya mwanangu, nywele zimesukwa zikabana, glavu mkononi. Alinipeleka kwenye chumba cha pembeni kisicho na dirisha. Humo mlikuwa na meza ya bati, mashine ndogo ya eksirei, na pipa la plastiki linaloonyesha vilivyomo: mikasi, nyembe, chupa za mafuta, bisibisi, bastola ya mtoto ya kuchezea. Vitu ambavyo wenyewe waliambiwa haviendi.

"Mshike vizuri, mama," alisema. "Wiki iliyopita mmoja alitoroka, tukamtoa kwenye dari baada ya siku mbili."

Nikamtoa Nyapara, nikamfumbata kifuani. Kizimba kikaingia kwenye mdomo wa mashine. Mkaguzi alitazama kioo chake, akatabasamu.

"Mama, umemsahau mwenzake."

"Mwenzake nani?"

"Huyu mdogo. Amebaki ndani."

"Sina mwingine, mwanangu. Ninaye huyu mmoja."

"Mama, wewe nawe!" Alidhani ninamfanyia ujanja. Akakivuta kizimba, akafungua zipu, akaingiza mkono wote mpaka bega. Alitoa shati. Akalikung'uta, unga wa mbao ukamwagika mezani. Akapapasa kila pembe ya kizimba. Tabasamu likamwisha polepole, kama maji yanayoshuka kwenye mchanga.

Alikipitisha kizimba kikiwa kitupu: hakikuonyesha kitu. Kisha akaliweka shati kwenye trei, peke yake, akalipitisha. Akasimama akitazama kwa muda mrefu, halafu akanigeuzia kioo.

Sijui kusoma picha za mashine, lakini hii haikuhitaji msomi. Vifungo vya shati vilijipanga katika mstari uliopinda, vimenyanyuka, kama vinavyonyanyuka juu ya kifua cha mtu. Chini ya vifungo kulikuwa na mbavu nyembamba kama meno ya kitana. Uti wa mgongo. Magoti yamevutwa hadi kidevuni. Mkaguzi alidhani ni mtoto wa paka kwa sababu ya udogo wake, lakini haukuwa udogo wa kitu kidogo. Alikuwa mtu mzima aliyejikunja, akaonekana kutoka mbali sana.

Trei ilitoka upande wa pili. Shati lilikuwa limelala bapa.

Mkaguzi alimwita mkuu wa zamu. Alikuja mzee mmoja, miwani yake imefungwa kwa uzi shingoni, akalipitisha shati mwenyewe. Safari hii picha ilikuwa tofauti na ile ya kwanza. Mkono mmoja ulikuwa umeondoka magotini, umenyooshwa kuelekea upande niliosimama mimi.

"Lina nini mfukoni?" mkuu aliuliza.

Mkaguzi akapekua. Alitoa kipande cha penseli bapa ya seremala. "Penseli, mkuu."

"Basi ni penseli."

"Penseli haina mbavu, mkuu."

Yule mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Hakunifokea. "Mama, nimefanya kazi hii miaka kumi na tisa, na nina sheria yangu moja. Kitu kikionekana kwenye picha na kisionekane kwa macho, hakipandi ndege. Mzigo huu unabaki. Wewe na paka wako mtaendelea." Akalionyesha pipa kwa kidevu. "Una dakika kumi, mlango wa ndege unafungwa."

Akatoka. Mkaguzi, kwa heshima au kwa woga, alinipa mgongo akakabili ukuta.

Nilisimama na shati mkono mmoja, paka mkono mwingine, na akili yangu ikaanza kuunganisha mbao. Kilo sita za daktari, na nane kasoro za mzanini. Nusu ya benchi, na nusu ya kizimba. Ndipo nilipoelewa. Sikuwa nimebeba godoro la paka. Nilikuwa nimemchukua mtu aliyeapa, mbele ya mtaa mzima, kwamba akifika mlangoni kwa mwanawe atarudi na mtu. Na mtu huyo hakuwahi kusema Ijumaa akaleta Jumamosi. Alipoapa alikuwa hai, na nyumbani kwake kulikuwa na kitanda na meza. Sasa je? Marehemu humrudisha mtu wapi? Na kule nilikokuwa nakwenda hakukuwa na mtu mmoja wa kuchukuliwa. Walikuwa wawili, mmoja tumboni mwa mwenzake.

Nikalipeleka shati juu ya pipa. Mkono wangu ulifika mpaka ukingoni, nikaona mikasi na nyembe chini yake, nikajua jioni litamwagwa pamoja navyo, mahali nisipopajua. Miaka thelathini na moja niliishi na mtu huyu. Na nikamsikia binti yangu kwenye simu: sikumuaga akiwa hai, sikumuaga akiwa maiti.

Nikaurudisha mkono. Nikamwita kwa jina ambalo mimi na wateja wake wote tulimwita.

"Fundi," nikasema kwa sauti ya chini. "Nisikilize. Ulisema utarudisha mtu, na neno lako sina uwezo wa kulipinda. Ila mtu huyo hatakuwa mwanao, wala aliye tumboni mwake. Nina tiketi ya kwenda na kurudi. Nilikuwa nimepanga kuitupa. Sitaitupa. Nenda ukamwone mtoto wako, muagane, kisha urudi na mimi. Mtu wako ni mimi. Kama umekubali, nijulishe kama ulivyozoea. Kama hukukubali, nakuacha hapa hapa na bisibisi za watu."

Nyapara alisimamisha masikio, akautazama mlango.

Nje ya mlango mtu alikohoa. Mara mbili kwa ufupi. Kisha ile ya kuvuta.

"Pita!" mkaguzi alisema bila kugeuka, kama ambavyo mtu yeyote angesema. Hakuingia mtu. "Nimesema pita, mlango haujafungwa." Akaenda akaufungua mwenyewe. Kulikuwa na ukumbi mtupu na toroli moja la trei. Alichungulia kushoto na kulia, akarudi, akanitazama, akalitazama shati.

Mkuu wa zamu alirudi akitazama saa. "Tayari, mama?"

"Tayari," nikasema. Nililivaa shati juu ya gauni langu, nikafunga vifungo vyote. "Ndani ya ndege kuna baridi, mkuu."

Alifikiri. Nilimwona akiupima mwili wangu kwa macho, kisha akaupima mzigo ambao sasa haukuwepo mezani. "Nguo iliyo mwilini si mzigo," alisema mwishowe, na uso wake ukapata nafuu ya mtu aliyeepushwa na kuandika ripoti ngumu. "Mashine ni ya mizigo. Watu wanapita langoni. Mpitishe."

Lango lile lina tarakimu nyekundu juu yake, zinazohesabu kila anayepita, ili idadi ya abiria ijulikane. Zilisomeka 311. Nikapita na Nyapara kifuani. Lango halikulia. Nilipogeuka kutazama, tarakimu zilisomeka 313.

Mkaguzi alikuwa ameziona pia. Alinipapasa mabegani na ubavuni kama kazi yake inavyomtaka, lakini alipofika mgongoni aliuondoa mkono haraka.

"Mama, mgongo wako ni friji."

"Najua, mwanangu."

Akanikabidhi kizimba. "Safari njema," alisema. Akajisogeza kando. "Nyote."

Ndani ya ndege nililirudisha shati kizimbani, maana Nyapara alianza kulia. Alilala upande wa kushoto. Tulipokuwa angani, abiria wa kiti cha pili, mwanamume mwenye gazeti, aliinama akanong'ona kwamba paka wangu anaumwa kifua, nimtafutie daktari mapema. Nikamshukuru. Pale ndege ilipotikisika, niliingiza vidole vyangu kwenye wavu, upande ule uliokuwa wazi, nikaviacha humo. Mtu anayeogopa ndege anaogopa hata akiwa hivyo alivyokuwa.

Mkwe wangu alinipokea uwanjani, akabeba mizigo yote akinikataza nisishike hata mkoba. Wanakaa ghorofa ya tatu. Alikuwa bado anahema ngazi moja nyuma yangu nilipofika mlangoni na kuinua mkono nigonge. Sikuwahi kugonga. Kikohozi kilisikika pembeni ya sikio langu: mbili fupi, moja ya kuvuta.

Ndani, kiti kilikwaruza sakafu. "Baba?"

Mlango ukafunguka. Binti yangu alisimama na tumbo lake, hakunitazama mimi. Alitazama juu ya bega langu la kulia, pale ambapo kichwa cha baba yake kilifika, akaanza kulia kama mtoto aliyepotea sokoni akaonekana.

Nilimweleza habari za shati na mashine. Habari za mapatano sikumweleza. Siku zilizofuata, kila alasiri aliketi ncha moja ya kochi, Nyapara ncha nyingine, na katikati pakabaki wazi. Nilimsikia akizungumza. Mara akinung'unika, mara akicheka, siku moja akipiga kelele: "Lakini na wewe ulizidi!" Nilifunga mlango wa jikoni. Ya baba na mwana si yangu.

Siku ya kumi na mbili akajifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye vidole vipana. "Huyu ni seremala kabisa," mkwe wangu alisema, "ameshaanza kupima kitanda kwa viganja."

Naomba msomaji anielewe katika hili linalofuata. Nilimpakata mjukuu wangu. Nilimwogesha, nikampaka mafuta, nikamwimbia. Tarehe ya tiketi ilipokaribia, binti yangu alisema, "Mama, nisogeze mbele mwezi mmoja tu?" na mimi nikasema sogeza. Nilijiambia kwamba mwezi mmoja si kitu, kwamba marehemu hana kalenda. Niliolewa na mtu asiyejua kuahirisha, nikadhani kifo kimemfundisha.

Kesho yake saa sita mchana, mtoto akiwa amelala, niliingia kumtazama. Nilikuwa nimemlaza katikati ya kitanda chake kidogo. Sasa alikuwa upande wa kushoto, amejibana kwenye nguzo za pembeni, na mtoto wa wiki tatu hajui kujisogeza. Nusu ya kitanda ilikuwa tupu. Godoro la nusu hiyo lilikuwa limebonyea. Mjukuu wangu alikuwa macho. Alikuwa akiitazama ile nusu, ametulia, mkono wake umeshika kitu ambacho sikukiona.

Nilimnyakua. Mkono wake ulikuwa wa baridi mpaka kiwiko.

"Naondoka tarehe ileile," nilimwambia binti yangu.

"Mama! Uliahidi utakaa! Kwani nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Kuna ahadi niliyoitoa kabla sijafika kwako. Lazima mtu arudi, na anayerudi ni mimi. Ndivyo tulivyopatana."

"Mlipatana na nani?"

Nilimwekea mtoto mikononi, akaugusa ule mkono. Nilimwona akiyakumbuka maneno ya kizingitini, neno baada ya neno. Alimbana mtoto kifuani, akaichukua simu, akarudisha tarehe ya tiketi yeye mwenyewe.

Asubuhi ya kuondoka, yeye ndiye aliyelitandika shati kizimbani. Kwanza aliuzika uso wake ndani yake, kwa muda mrefu. "Kwaheri, baba," alisema. "Mama nimekupa. Wengine waache." Nyapara akaingia bila kubembelezwa.

Uwanja wao ulikuwa mkubwa na mweupe, na wakaguzi wake hawakuwa na maneno mengi. Nikamtoa paka. Kizimba kikaingia kwenye mashine pamoja na shati. Nilimkazia macho mtu wa kioo, nikasubiri ashtuke. Hakushtuka. "Safi," alisema, akakisukuma mbele.

Safi. Hakuwemo. Nikageuka. Ng'ambo ya kamba walisimama mkwe wangu na binti yangu, mtoto kifuani. Binti yangu hakuwa akinitazama. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu aliyewekewa mkono begani.

"Mama, endelea," mkaguzi wa langoni aliniambia.

Tarakimu za lango zilisomeka 87. Nikapita na Nyapara. Nikatazama: 88. Moja tu. Nikasimama palepale.

"Mama, sogea, unazuia watu."

Nyuma yangu hakukuwa na mtu. "Sijazuia," nikamwambia. "Bado mmoja."

"Mmoja nani?"

Nikatazama kule kwenye kamba, nikasema kwa sauti, mbele za watu, bila aibu: "Fundi, ni Ijumaa leo."

Binti yangu aliinua kichwa. Bega lake lilishuka, kama begi linapoondolewa. Nyapara alisimamisha masikio, na macho yake yakaanza kufuata kitu kilichokuwa kikija kwetu bila haraka, kikizunguka nguzo, kikipita katikati ya trei. Mbele ya lango kikasimama. Nilisikia zile mbili fupi. Nilingoja ya kuvuta, na kungoja huko kulikuwa kurefu kuliko safari yote.

Ikaja. Tarakimu zikageuka: 89.

"Limeruka hili, bovu," mkaguzi alisema, akaligonga kwa kiganja.

Nikasogea kando, nikampisha, kisha nikafungua kizimba. Nyapara akaingia, akajibana upande wake wa kushoto. Nilipokiinua, kilikuwa kizito.